Sikio humwonyesha jicho pa kutazama

Anayetoka Iyula, wilayani Mbozi, kwenda Mlowo au Vwawa hukutana na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, njia ya malori yaendayo Tunduma. Watoto tunawafundisha watazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Fundisho zuri, ila limesahau masikio.

Jicho huona kwa ukali sehemu ndogo sana ya kilicho mbele yake, na kilicho nyuma halikioni kabisa. Sikio husikia pande zote. Pikipiki ikija kutoka kulia, sauti yake hutangulia kufika sikio la kulia. La kushoto huchelewa kwa muda usiofikia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kichwa nacho huizuia sauti hiyo kidogo, hasa ikiwa nyembamba, ikafika upande wa pili imefifia. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alilieleza jambo hili mwaka 1907. Mikunjo ya sikio la nje husaidia kutofautisha mbele na nyuma. Ubongo hukusanya yote hayo, na shingo hugeuka kabla mtu hajawaza.

Nchini Marekani, David Perrott na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mtu anayetafuta kitu kwa macho hukipata upesi zaidi sauti inapotoka palepale kilipo. Faida ni kubwa zaidi kwa vitu vya pembeni na nyuma. Ndiyo maana wataalamu wa ndege za kivita walitamani rubani asikie onyo likitokea upande wa hatari yenyewe.

Lakini kazi hii ya kutambua sauti inatoka wapi inataka masikio mawili. Mtoto anayetoka usaha sikio moja anaweza kuisikia honi vizuri asijue iko wapi, na nyumbani hakuna anayeshtuka kwa sababu akiitwa anaitika. Hili linanisumbua, maana Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2021 kuwa karibu asilimia 60 ya matatizo ya kusikia kwa watoto yanaweza kuzuilika.

Mjaribu mwanao leo: afumbe macho, mpigie makofi kulia, kushoto na nyuma, naye aonyeshe kwa kidole. Akikosea mara kwa mara, au sikio likitoa usaha, mpeleke zahanati. Usimtie mafuta wala dawa za kienyeji sikioni.