Vijidudu vinavyokula wanga wa muhogo

Lundo la maganda ya muhogo likikaa siku chache hupata joto na kunuka uchachu. Hiyo ni kazi ya vijidudu, wakiwamo bakteria wanaokula wanga. Hawana meno. Hutoa kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukata wanga kuwa sukari.

Wataalamu huwatafuta hivi. Tone la maji ya maganda hupakwa katika kisahani chenye chakula cha wanga. Bakteria wakiisha kuota, humiminwa iodini. Penye wanga hugeuka buluu iliyokolea. Pale ulipoliwa hubaki duara lisilo na rangi hiyo.

Lakini duara halisemi ni nani aliyekula. Bacillus subtilis, ambaye Wajapani humtumia kuchachushia soya, hufanya duara. Bacillus cereus, awezaye kuleta kuhara, naye mara nyingi hulifanya. Ndiyo maana husomwa jeni iitwayo 16S, ambayo kila bakteria anayo. Ina herufi kama 1,500, nazo hulinganishwa na za bakteria wanaojulikana. Hata hiyo haitoshi nyakati zote: 16S ya cereus na ya bakteria wa kimeta karibu ni moja, ikabidi zitafutwe pia jeni za sumu.

Zahanati zetu hazina chombo cha kazi hiyo. Basi usifanye maji ya lundo kuwa chachu ya unga wako.

Tena, kula wanga si kuondoa sumu. Sianidi ya muhogo mchungu imefungwa katika linamarini, si katika wanga. Kimeng'enya cha kuifungua kimo ndani ya muhogo wenyewe, nacho kinataka unyevu na muda. Mwaka 1988 wilayani Masasi watu walidhurika kwa chinyanya, yaani muhogo uliotwangwa na kuanikwa harakaharaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona, ulizuka Mtwara na Mbinga.

Wa Newala atauliza, maji ya kuloweka atayatoa wapi? Yako machache yanayotosha. Tia unga wa makopa katika bakuli, weka alama ya kimo chake. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda. Ukifikia alama, acha. Tandaza mkekani, unene usizidi sentimeta 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sianidi itoke hewani. Songa ugali siku hiyo hiyo.