Uliza Mwezi Kwanza, Nauli Baadaye

Baba yangu alifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Nakuru kwa miaka 31. Kila alipofika kwenye Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoomboleza majumba ya Pate, alikwama pale pale: kwenye kidaka. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa nyumba za mbao na mabati. Ukuta wenye vishubaka vya kuwekea sahani za kaure hawakuwahi kuuona. Basi Baba alichukua chaki, akachora kisanduku ubaoni, akasema, "Hiki." Darasa likaandika. Naye mwenyewe alikuwa hajawahi kukiona.

Alipotimiza miaka 72, magoti yakiwa yameanza kumkatalia ngazi, nilimwambia nitampeleka Lamu, na kutoka Lamu tutavuka hadi Pate. Mimi ni muuguzi, nimezoea zamu na ratiba. Nilinunua daftari, nikapiga mistari, nikagawa siku nne kwa sehemu tisa: ngome, makumbusho, msikiti wa Riyadha, Shela, Matondoni, magofu ya Takwa, Pate, na nyingine mbili nilizoziona kwenye picha. Takwa niliiwekea Ijumaa saa nne asubuhi. Pate Jumamosi saa tatu. Kila kitu kilikuwa na saa yake.

Kisha nikapiga simu Lamu kutafuta chumba, na mwenye nyumba akanipa namba ya nahodha. Nilimsomea ratiba yangu yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Dada, siku hizo mwezi ngapi?"

"Wa pili," nikamjibu.

"Siulizi huo. Nauliza wa juu."

Ningepewa neno moja la kumwambia mtu anayepanga kwenda Lamu, ningempa swali hilo. Watu wa bara tunapanga safari kwa kalenda ya ukutani na ratiba ya basi. Lamu ni mji wa kisiwani, majirani zake wako ng'ambo ya maji, na maji yana kalenda yake. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kama dakika 50, kwa hiyo kila siku saa ya kujaa inasogea mbele kwa kiasi hicho. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Hayapandi sana, hayashuki sana. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, kisha hupwa karibu na saa tano mchana. Ukijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu, hesabu hiyo unaifanya kwa vidole: anza na mwezi mosi au kumi na tano, ongeza dakika 50 kwa kila siku inayopita. Jedwali kamili la Lamu linapatikana kwenye intaneti, lakini neno la mwisho mwachie nahodha, kwa sababu upepo nao una maoni yake.

Sasa itazame ratiba yangu. Alhamisi ya kufika kwetu mwezi ungekuwa mpevu. Ijumaa saa nne asubuhi, pale nilipopanga kuingia Takwa, maji yangekuwa yanakimbia kutoka. Takwa iko katika kisiwa cha Manda, na boti huingia kwa hori jembamba lililozungukwa na mikoko. Maji yakipwa, hori linabaki tope. Kijana anaweza kushuka akatembea kwenye tope hilo hadi magotini. Mzee wa miaka 72 hawezi, na sikutaka ajaribu.

Nahodha hakufuta hata sehemu moja. Alizihamisha tu. Asubuhi za bamvua tukae mjini, kwa sababu baharini hakuna njia. Takwa twende Ijumaa hiyo hiyo, ila alasiri, baada ya watu kutoka msikitini, maji yakipanda. Pate isubiri hadi Jumatatu, siku ambayo maji yangejaa kwenye saa moja na robo asubuhi. Siku nne zikawa tano, na zile sehemu mbili za kwenye picha nikaziondoa mwenyewe.

Kuhusu chumba nilijifunza jambo jingine. Nyumba za zamani za Lamu ni za ghorofa, na vyumba vizuri viko juu, kwenye upepo. Nyumba ya kwanza niliyoipigia iliniambia ngazi zake ni "chache tu." Nikaomba wanitumie picha. Nilihesabu 34, nyembamba, hazina kishikio. Ukisafiri na mzee usiulize kama ngazi ni chache. Uliza idadi, na uliza choo kiko wapi. Tulipata chumba cha chini kinachotazama kiwanda, ua wa ndani, chenye joto kidogo lakini kwa Baba kilikuwa chumba cha kifalme kwa sababu alitoka na kuingia bila kuniita.

Msimu ndio tuliupatia. Februari ni kaskazi, bahari imetulia. Aprili na Mei ni mvua, kisha kusi huvuma miezi inayofuata na safari za boti ndogo huwa ngumu. Mwezi wa Maulidi mji hufurika wageni kutoka pwani nzima na nje. Ni wakati mzuri wa kuiona Lamu ikiwa Lamu hasa, lakini chumba lazima ukishike mapema sana. Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana. Mgonjwa wa sukari au mtu anayemeza dawa pamoja na chakula alifikirie hilo kabla ya kulipa nauli.

Unaweza kufika kwa ndege, ukashuka Manda na kuvuka kwa boti dakika chache. Sisi tulipanda basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, safari ya kutwa. Barabara ya kutoka Garsen ni ya lami siku hizi, lakini kwa sababu ya usalama magari yamewahi kusafiri kwa msafara wa polisi, kwa hiyo ulizia hali ilivyo wiki ile ile ya safari. Pale Mokowe nilielewa sababu nyingine ya nahodha kuulizia mwezi. Tulifika jioni, maji yamejaa, na ukingo wa boti ulikuwa karibu sawa na gati. Baba alinyanyua mguu mmoja tu. Maji yakipwa, ngazi za gati hubaki wazi hadi chini, zimeota ukijani na zinateleza.

Mji wenyewe unahitaji asubuhi mbili, na asubuhi ziwe za mapema. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sifa yake kubwa ni kwamba watu bado wanaishi ndani yake. Usita wa Mui, njia kuu ya ndani, ni nyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo wa mawe akija unajibanza ukutani. Magari hayaingii. Kwa Baba hiyo ilikuwa raha, ingawa kila baada ya hatua mia mbili nilimtafutia baraza akae. Baraza ziko kila mahali, zimejengwa pamoja na nyumba, na hakuna aliyetuuliza kwa nini tumekaa kwenye yake. Mzee mmoja alitoka, akamkuta Baba, wakaamkiana, na nusu saa ikapita wakibishana kuhusu lahaja za Kiamu na Kimvita. Nusu saa hiyo haikuwemo kwenye daftari. Tangu siku hiyo nilianza kuacha nafasi tupu katika kila ukurasa.

Ngome iko kwenye uwanja wa Mkunguni, karibu na soko. Ujenzi wake ulimalizika mwaka 1821, miaka michache baada ya watu wa Lamu kuwashinda Pate na Mazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, na hadi 1984 ilikuwa gereza. Pitia ngome, lakini muda wako upeleke kwenye makumbusho ya Nyumba ya Waswahili. Ni nyumba moja tu, ndogo, na ndani yake unaona mantiki ya mji wote. Daka la kupokelea mgeni kwanza, kisha kiwanda, kisha misana miwili, yaani kumbi za ndani, mmoja nyuma ya mwingine, hadi chumba cha ndani kabisa. Kila hatua sakafu inapanda kidogo na faragha inaongezeka. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko, na mkoko una kikomo chake. Baba alinyoosha mikono, akapima kwa pima yake, akatikisa kichwa kwa furaha. Ukutani mlikuwa na vidaka. Alivitazama kwa mbali, hakusogea. Nilimuuliza vipi, akasema, "Hivi vimerekebishwa. Nataka vya Pate."

Ijumaa mchana maduka yalifungwa na mji ukanyamaza. Tulivaa kwa staha, mimi kanga juu ya gauni refu, tukasubiri. Saa tisa u nusu tulipanda boti.

Takwa tuliikuta peke yetu. Mji ule uliishi kwa takriban karne mbili, ya 16 na ya 17, ukahamwa. Inasemekana maji ya visima yaligeuka chumvi, na ugomvi na Pate haukuwapa amani. Watu wake walivuka wakahamia Shela. Mbuyu sasa umesimama palipokuwa nyumba. Msikiti wa Ijumaa bado una nguzo yake juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela bado hulizuru kuomba mvua. Kaburi hilo lina mwaka wake, 1681 au 1682 kwa hesabu ya sasa. Nahodha alitupa saa moja na nusu. Alikaa kwenye boti akitazama mizizi ya mikoko, na maji yaliposimama kupanda, alipiga mluzi.

Jumamosi na Jumapili tulizifanya polepole. Shela kwa boti, matembezi mafupi ufukweni, mkate wa mofa na samaki jioni. Matondoni, wanakojenga majahazi, tuliiacha. Nilitaka kwenda, lakini nilimwona Baba akishika goti, na Pate ilikuwa mbele yetu. Mtu akiniuliza siri ya safari ya siku nyingi na mzee, namwambia ajue mapema ni kitu gani kimoja mzee amekijia, kisha mengine yote yawe tayari kukatwa kwa ajili ya hicho.

Jumatatu tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, gizani, na majaketi ya kuokolea. Usikubali boti isiyo nayo, na bei ikubaliwe nchi kavu. Pate mjini maji yake hayana kina. Boti huingia maji yakijaa na lazima itoke kabla hayajapungua. Mpango wa nahodha ulikuwa atushushe, atoke, aende kutungoja Mtangawanda, gati lenye maji ya kina upande mwingine. Sisi tungefika huko kwa pikipiki ya kukodi. Ni mpango rahisi ukishaambiwa. Mimi na daftari langu tusingeufikia.

Magofu ya Nabahani, watawala wa zamani wa Pate, yako pembeni mwa mji, na ndani yake watu wamelima tumbaku. Unapita kati ya majani mapana ya kijani, ghafla ukuta wa matumbawe unasimama mbele yako, juu haupo, mlango haupo. Mkulima mmoja alikuwa akimwagilia. Alitusalimu, akamuuliza Baba anatafuta nini.

"Kidaka," Baba akasema.

Mkulima hakushangaa. Aliweka ndoo chini, akatuongoza mistari mitatu ya tumbaku, akasogeza majani kwa mkono. Vilikuwa vitatu, kimoja kimebomoka nusu. Chokaa ilikuwa bado laini kwenye upinde wa juu. Havikuwa vya mraba hata kidogo.

Baba aliingiza kiganja ndani ya kile cha katikati, akakiacha humo. Jua lilikuwa linapanda, na nilikuwa nimepanga tuondoke saa tatu.

"Nilikuwa nawachorea kisanduku," akasema. "Miaka yote hiyo."

Sikuangalia saa. Mkulima alirudi kwenye ndoo yake.