Ukoo, Sheria na Sukari ya Kakira

Watu wengi hudhani kwamba rasilimali za ng'ambo huja katika nchi kwa kufuata faida peke yake. Faida ina nguvu, lakini historia ya mashamba mawili ya miwa ya Uganda, Lugazi na Kakira, yatufundisha kwamba fedha ya mgeni hufuata pia njia mbili nyingine: desturi za ukoo wenye mali, na sera ya serikali inayoipokea. Njia ya kwanza ni ya wenyewe. Ya pili ni ya taifa, na walinzi wake ni sisi tuvaao sare.

Nanji Kalidas Mehta na Muljibhai Madhvani walitoka upande wa Porbandar, katika jimbo la Gujarat, pwani ya India ambayo majahazi yake yalifanya biashara na pwani yetu kwa karne nyingi. Madhvani alikuja akiwa kijana mdogo, akapokewa na ndugu zake waliokuwa na duka katika Busoga. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi. Kijana alifuata mjomba au kaka, akapewa chakula, kazi na mafunzo ya hesabu. Mali haikugawanywa, mkubwa aliamua, na mdogo alitii. Jina la ukoo lilikuwa dhamana ya mkopo hata pale ambapo hapakuwa na benki. Kwa njia hiyo akiba ya maduka na viwanda vya kuchambulia pamba iligeuka kiwanda cha sukari cha Lugazi mwaka 1924, na cha Kakira mwaka 1930. Mehta hakusahau kwao. Alijenga viwanda na shule ya wasichana katika Porbandar.

Lakini desturi hiyohiyo ilikuwa na upungufu wake. Ukoo unaomwamini ndugu peke yake humwachia mwenyeji jembe, na funguo za ofisi hubaki nyumbani. Serikali ya kikoloni nayo, kwa sera yake ya kuwapanga watu kwa rangi, ilizidisha umbali huo. Uhuru ulipofika mwaka 1962, manung'uniko ya wananchi yalikuwa ya kweli.

Dawa iliyotolewa mwaka 1972 ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Tarehe 4 Agosti, Idi Amin alitangaza mbele ya askari katika kambi ya Tororo kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza hawana nafasi tena nchini. Wakapewa siku 90. Manubhai Madhvani, mwana wa Muljibhai, alitiwa katika gereza la kijeshi la Makindye kabla ya kuondoka. Maduka na viwanda viligawanywa katika kile kilichoitwa vita vya uchumi, na wengi waliogawiwa walikuwa wanajeshi. Wananchi wakawapa matajiri hao wapya jina la mafuta mingi.

Matokeo yake twayajua. Nchi iliyotoa tani 152,000 za sukari mwaka 1968 ilifika miaka ya 1980 viwanda vyake vikiwa karibu kusimama kabisa. Sukari ikawa bidhaa ya magendo. Aliyepanga foleni kuitafuta ni raia, na pia mke wa askari wa cheo cha chini.

Je, ni nini kilichowarudisha wenye viwanda? Mapenzi ya kazi ya baba yalikuwapo tangu siku waliyofukuzwa, lakini hayakuleta hata shilingi moja wakati sheria ilikuwa imelala. Mwaka 1982 ilipitishwa sheria ya kurudisha mali zilizotwaliwa. Mwaka 1985 ukoo wa Madhvani ulirudi Kakira kwa ubia na serikali; Mehta nao walirudi Lugazi. Mwaka 1991 ikaja sheria ya uwekezaji, na pamoja nayo Mamlaka ya Uwekezaji ya Uganda.

Hata hivyo sheria peke yake haitoshi. Waasia wengi walirudishiwa majengo yao, wakayauza na kwenda zao, kwa kuwa watoto wao walikuwa wamekwisha kuota mizizi kwingine. Waliobaki ni wale ambao sera ya nchi na moyo wa ukoo vilikutana. Leo Kakira hununua miwa ya maelfu ya wakulima wa Busoga, na mabaki ya miwa huzalisha umeme unaouzwa kwa taifa.

Ndugu askari, ukoo wenye mali hukumbuka kwa vizazi. Babu humsimulia mjukuu ni nani aliyegonga mlango usiku, na ni nani aliyekuja mchana na hati ya mahakama. Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 yasema kwamba mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa sheria na kwa fidia ya haki. Ibara hiyo haimlindi tajiri peke yake. Yamlinda pia mkulima mwenye ekari mbili za miwa, na mjane mwenye kibanda sokoni. Polisi anayedai chochote kizuizini, au afisa anayejitwalia ardhi kwa cheo chake, anarudia Tororo ya 1972 kwa kiasi kidogo.

Amri halali hutiiwa. Mali ya mtu, awe mgeni au mwenyeji, si ngawira.