Umeweka RAM Mpya, Skrini Ikabaki Nyeusi? Usizime Kompyuta Kabla ya Kusoma Hii

Umenunua RAM mpya za DDR5, umezipachika vizuri, ukawasha kompyuta. Feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi tii. Dakika ya kwanza inapita, ya pili inapita, kimya. Wengi wakifika hapo huchomoa waya wa umeme na kurudi dukani kugombana na muuzaji.

Subiri kwanza. Huenda RAM ni nzima kabisa. Kompyuta ilikuwa inapanga mapigo yake, na ukiizima katikati inabidi ianze upya.

Mapigo gani tena? Twende taratibu.

Amri na mpigo

RAM haifanyi kitu bila kuamriwa na prosesa: fungua safu hii, soma hapa, andika pale. Amri hizo hupita kwenye njia nyembamba za shaba zilizochorwa kwenye ubao mama. Pamoja nazo inasafiri ishara ya saa. Hii si saa ya kukuambia ni saa ngapi, ni mpigo wa umeme unaopanda na kushuka bila kupumzika.

Chipu ya RAM husoma amri pale mpigo unapopanda, basi. Amri ikichelewa au ikiwahi mno, chipu inasoma kitu kingine kabisa. Ni kama gwaride: askari akisikia "nyuma geuka!" nje ya mpigo wa ngoma, atageuka peke yake na mstari mzima utaharibika. Kwenye kompyuta, kuharibika huko ndiko kuganda ghafla, kujizima, au faili kupotea.

Muda wenyewe ni mdogo mno

Chukua RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200. Saa yake hupiga mara bilioni 1.6 kwa sekunde. Hiyo 3200 inakuja kwa sababu data hupita mara mbili kwa kila mpigo, unapopanda na unaposhuka.

Maana yake mpigo mmoja unachukua nanosekunde 0.625. Kwa muda huo ishara ya umeme kwenye ubao inasafiri kama sentimita 10 hivi tu! Kwa hiyo njia moja ikiwa ndefu kuliko mwenzake hata kwa sentimita chache, mambo yanavurugika. Ndiyo maana ukiangalia ubao mama karibu na RAM, utaona njia zimepindapinda kama nyoka. Zimerefushwa makusudi ili zilingane.

Chipu ya mwisho hupata mwisho

Tangu DDR3, iliyotoka 2007, saa na amri hupita chipu moja baada ya nyingine, kama daladala inavyopita vituo. Chipu ya kwanza inapata mapema, ya mwisho inapata baadaye.

Kwa upande wa amri hakuna shida, maana amri na mpigo wako kwenye safari moja: wakichelewa, wanachelewa wote. Shida ni data. Yenyewe ina njia zake zinazokwenda moja kwa moja kwa kila chipu, hivyo inaweza kufika kabla ya mpigo.

Suluhisho ni kujaribu. Kompyuta inapowaka, prosesa hutuma ishara kwa kila chipu, na chipu hujibu kama imewahi au imechelewa. Prosesa inasogeza muda kidogo kidogo mpaka vilingane. Kwenye DDR5 hata njia za amri zenyewe hupimwa dhidi ya saa. Kazi hiyo, hasa mara ya kwanza au ukiwa na RAM nyingi, inaweza kuchukua dakika kadhaa. Baada ya hapo majibu huhifadhiwa, na siku nyingine kompyuta huwaka haraka.

Sasa ufanye nini?

1. Mara ya kwanza, iache hata dakika 10 bila kuigusa.

2. Ukinunua RAM mbili au nne, chukua zilizofungwa pamoja kiwandani. Kila RAM unayoongeza kwenye njia zilezile huzipa ishara za amri mzigo zaidi.

3. Kompyuta ikianza kuganda baada ya kuwasha XMP au EXPO, ingia BIOS na upunguze spidi hatua moja. Ukikuta mpangilio wa 1T, jaribu 2T. Hapo amri inapewa mipigo miwili ya saa badala ya mmoja, yaani muda wa kutulia kabla haijasomwa. Spidi inapungua kidogo sana.

4. Bado giza? Jaribu RAM moja moja. Ukiona moja inawasha na nyingine haiwashi hata ukiiweka kwenye tundu lilelile, hapo sasa una sababu ya kurudi dukani.