FILAMU FUPI HAIFII LOKESHENI, INAFIA BAADA YA SHUTI

Leo naongea na wale wa Majengo, Nyasubi, Phantom na kwingineko hapa Kahama mnaopanga kutoa filamu fupi. Kila nikikaa na washkaji swali la kwanza ni "kamera gani kali?" Mimi nasema swali la kwanza liwe: hii kazi itaishaje?

Tangu nimalize kidato cha nne nimeshiriki filamu fupi tatu hapa hapa mjini. Mbili ziliisha. Ya tatu, ya dakika 12, mpaka leo imekaa kwenye eksteno, imebaki sini moja tu. Mhusika mkuu alienda machimboni Nyarugusu, Geita, kutafuta maisha, na huwezi kumlaumu maana filamu ilikuwa haimlishi. Watu kumi walichangia hela zao, na mama wa mmoja wao kila tukikutana sokoni ananiuliza, "Mwanangu, ile picha inatoka lini?" Kwa hiyo hili somo mimi sikulisoma kitabuni. Twende kazi.

1. HELA YA KUMALIZIA
Wengi wanamaliza hela yote kwenye shuti: nauli, chakula, nguo, kukodi taa. Siku ya mwisho watu wanapiga picha ya pamoja, wanashangilia, mfuko mtupu. Kumbe nusu ya kazi bado: kuediti, kusafisha sauti, rangi, muziki, maandishi. Ushauri wangu: kama mna laki 5, laki 2 zisiguswe mpaka shuti iishe. Apewe kuzitunza mtu ambaye hayupo kwenye kamera wala hataki kuonekana. Kama laki 3 hazitoshi kwa shuti, punguzeni hadithi, msiguse ile akiba.

2. SAUTI
Mtazamaji anavumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno yasiposikika anaondoka. Na Kahama yetu mnaijua: huku bodaboda, huku mashine ya kukoboa mpunga, ukisogea pembeni ya mji karasha linasaga mawe mchana kutwa. Sikio la binadamu linachagua la kusikia, maiki haichagui. Kabla ya kukubali lokesheni, nenda saa ile ile mtakayoshuti, fumba macho, sikiliza dakika tano. Maiki iwe karibu na mdomo. Na kila mahali rekodi sekunde 30 za ukimya wa pale, watu wote wametulia. Huo ukimya ndio unaoziba viraka wakati wa kuediti. Sentensi ikiharibika, msigizaji airudie pale pale kabla hajaondoka. Ukisubiri mwezi, atakuwa yuko duarani.

3. NAFASI NA UMEME
Tupige hesabu. Simu nyingi zikirekodi picha ya 1080p zinakula kama MB 130 kwa dakika. Filamu ya dakika 12, ukirekodi mara kumi ya urefu wake, ni dakika 120, yaani karibu GB 16. Ukirekodi 4K inaweza kufika GB 40 na zaidi. Na lazima ziwe nakala mbili, kwenye vifaa viwili, nyumba mbili tofauti. Kifaa kimoja kikianguka au kikiibiwa, kazi bado ipo.

Mnaona natia chumvi? Muulizeni Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetengeneza "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Jamaa aliunga kompyuta mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika. Ile filamu imeangaliwa na mamilioni mtandaoni, lakini nakala yake ya asili, isiyo na sauti ya VJ juu yake, haipo tena. Nafasi ya kutunza ilikuwa ndogo. Tunachokiona ni ile ya VJ tu. Lakini mjifunze na jambo la pili kwake: aliimaliza. Ndiyo maana leo tunamjua.

Wakati wa kuediti sevu kila mara, umeme hautoi taarifa. Kama kompyuta yako ni mzee, DaVinci Resolve ya bure itakusumbua. Simu nzuri yenye programu ya kuediti inaweza kukumalizia kazi vizuri tu.

4. WATU
Hapa ndipo kwetu panauma. Huu ni mji wa kutafuta. Leo mtu yupo, kesho amesikia kuna rashi ya dhahabu mahali, keshaondoka. Basi shutini sini zote za mhusika mkuu kwanza, mfululizo, hata kama hadithi inaruka. Nguo zake zifungwe kwenye mfuko mmoja zisivaliwe mtaani. Na andikishaneni karatasi: nani katoa nini, filamu ni ya nani, ikipata hela inagawanywaje. Nimeona kazi nzuri ikizuiliwa kwa sababu aliyeshika eksteno amekasirika.

5. MUZIKI NA VIBALI
Ukibandika wimbo wa staa bila ruhusa, YouTube inaweza kuizuia au mapato yakaenda kwa mwenye wimbo, na tamasha haliwezi kuipokea. Mtafuteni mshkaji mwenye gitaa au ngoma za kwetu Usukumani, asaini karatasi. Kibali cha kushuti na daraja la umri ni mambo ya Bodi ya Filamu. Anzeni kwa afisa utamaduni wa manispaa, mapema, sio wiki ya uzinduzi.

6. TAREHE
Pangeni siku ya kuonyesha kabla ya siku ya kushuti. Mkiwaalika wazazi na majirani, mtamaliza tu, aibu itawasukuma.

Msidharau hizi fupi. Amil Shivji alitoa "Shoeshine" mwaka 2013 na "Samaki Mchangani" mwaka 2014, zote fupi. Mwaka 2021 filamu yake ndefu "Vuta N'Kuvute" ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, Kanada. Filamu ya dakika tano iliyoisha inakupeleka mbele kuliko ya saa mbili iliyolala kwenye eksteno.

Sisi ile sini moja tunaifuata Nyarugusu kwa basi, mhusika akipata siku ya mapumziko. Nauli tumeshaitenga.

Nawasilisha wadau. Nani mwingine ana filamu imekwama, na imekwamia wapi?