Jua Kali, Umeme Kidogo: Mbona?

Vikundi vingi, kuanzia Lodwar hadi Kakuma, vinachanga pesa vinunue sola: za taa, za kuchaji simu, hata za kuvuta maji. Maswali yanayotufikia ni mengi. Tumeona tuyajibu hapa, maana pesa ya kikundi ikishapotea kuichanga tena ni kazi.

Swali linalorudi sana ni hili: "Jua letu linachoma kuliko la Kitale. Basi paneli yetu itatoa umeme mwingi zaidi, ama?" Mwangaza tunao mwingi, ni kweli. Lakini paneli hailishwi joto, inalishwa mwangaza, na hayo ni mambo mawili.

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba mwangaza haumiminiki tu kama maji ya mto. Unakuja vipande vipande, kila kipande na nguvu yake. Vipande hivyo vinaitwa fotoni. Paneli imetengenezwa kwa silikoni, ambayo hutolewa kwenye mchanga, na ndani yake kuna chembe ndogo mno, elektroni, zimeshikwa mahali pake. Fotoni moja ikigonga elektroni moja kwa nguvu ya kutosha, elektroni inaachiliwa, inaanza kutembea. Zikitembea kwenye waya, huo ndio umeme.

Fikirieni lango la boma la mbuzi lililozibwa kwa mti mzito wa miiba. Mtu mzima mmoja anausukuma. Watoto wadogo mia moja, wakija mmoja mmoja, kila mmoja akisukuma na kwenda zake, hawafungui hata mpaka jioni. Fotoni za joto, kama zile za makaa jikoni, ndio hao watoto. Za mwangaza tunaouona ndio watu wazima. (Einstein alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 hasa kwa jambo hili.)

Tena joto linapunguza. Nguvu iliyoandikwa nyuma ya paneli ilipimwa paneli ikiwa na digrii 25. Kila digrii inayozidi hapo inakula karibu asilimia 0.4. Mchana wa huku paneli yaweza kufika digrii 65, kwa hiyo ile ya wati 100 inabaki na 84 hivi, na hapo bado hatujataja vumbi. Akina mama, mkienda kununua pampu, msihesabu tu yale yameandikwa.

Sisi wenyewe tulikosea. Tulipigilia paneli yetu juu ya mabati, imelala kabisa, halafu tukamlaumu fundi. Acheni nafasi ya shibiri moja upepo upite chini. Iinamisheni kidogo kuelekea kusini, kwa kuwa Lodwar iko digrii 3 kaskazini ya Ikweta, na vumbi litateremka. Ifuteni asubuhi mapema. Maji baridi kwenye kioo cha moto yaweza kukipasua. Tena kateni tawi la ewoi linaloitia kivuli, hata kama ni dogo. Vipande vya silikoni vimeungwa kwa mstari, kama watu wanaopokezana ndoo kisimani: mmoja akisinzia, wengine wanangoja.

Je, elektroni zitaisha? La. Zinapita kwenye taa na kurudi kwenye paneli, zinazunguka tu. Inayokufa ni betri, baada ya miaka michache, na paneli nzuri huishi zaidi ya 20. Anzeni akiba ya betri siku ile ile mnayonunua.

Mwisho, wengine wanasema ati paneli inatoa miale kama ya eksirei, mama mjamzito asiikaribie. Fotoni moja ya eksirei ina nguvu zaidi ya mara elfu kumi kuliko ya mwangaza, ndiyo sababu hospitalini mama anaulizwa kama ana mimba kabla ya kupigwa picha. Paneli haitoi miale hiyo. Yenyewe inapokea tu mwangaza ule ule unaotupiga sisi sote. Waogopeni waya zilizochubuka na maji ya betri. Chini ya paneli mama na akae, kuna kivuli.