Afanyaye Kazi Asipoteze Matibabu

Tuseme, msomaji, kuna mtu katika nchi ya Marekani ambaye miguu yake haina nguvu. Kila asubuhi huja msaidizi akamwosha, akamvika nguo na kumkalisha katika kiti cha magurudumu. Ujira wa msaidizi hulipwa na Medicaid, yaani mpango wa Serikali wa matibabu kwa watu wenye mapato madogo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Mtu huyo amesomea uhasibu, na sasa ameitwa kazini. Je, aende?

Zamani jibu halikuwa rahisi. Mshahara ulipopita kiasi kilichowekwa, aliweza kuondolewa katika mpango. Bima ya mwajiri kwa kawaida hulipia daktari na dawa, wala hailipii mtu wa kumwinua kitandani. Basi pasipo msaidizi hawezi kufika kazini, na akiisha kupata kazi hana msaidizi! Wengi walibaki nyumbani, na wasiojua habari hii waliwadhania kuwa wavivu.

Jimbo la Massachusetts lilitangulia kufungua njia mwaka 1988, likawaruhusu wenye ulemavu wafanyao kazi kupata matibabu kwa kulipa ada kwa kadiri ya mapato yao. Mwaka 1997 sheria ya nchi nzima iliyapa majimbo yote ruhusa ya namna hiyo, kwa wale ambao mapato ya jamaa yao hayafiki mara mbili na nusu ya kiwango cha umaskini. Kisha, tarehe 17 Desemba 1999, Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyoyaachia majimbo kujiwekea mipaka yenyewe kwa watu wa miaka 16 hadi 64. Alitia sahihi mjini Washington penye ukumbusho wa Franklin Roosevelt, na mahali palichaguliwa vema, kwani Roosevelt alipooza miguu mwaka 1921, na baadaye akachaguliwa kuwa Rais mara nne.

Lakini majimbo hayakulazimishwa. Kila moja hukata shauri lake, na ada ya hapa si ya kule. Tena mtu asiye na mwenzi, akipokea posho ya Serikali iitwayo SSI, haruhusiwi kuweka mali ya kuhesabiwa inayozidi dola 2,000, kiasi kilichowekwa tangu mwaka 1989.

Kwa hiyo mhasibu wetu, kabla ya kujibu barua ya mwajiri, hana budi kuiuliza kwanza ofisi ya Medicaid ya jimbo lake atatozwa kiasi gani, na kama msaidizi ataendelea kuja saa kumi na mbili asubuhi.